Madaftari ya Bwana Chupa

4 Februari

Mpwa wangu,

Salamu nitakupa mwisho, zikibaki. Kwanza habari: nitapasuliwa. Nina uvimbe kwenye utumbo mkubwa, ukubwa wa yai la bata. Daktari alinionyesha kwenye picha, nami nikatikisa kichwa kama mtu aliyeuona. Tarehe ni 20 Machi, hapo hapo kwenu, kwenye chumba nilichofanyia kazi miaka ishirini na sita nikiwalaza watu usingizi na, la muhimu zaidi, nikiwaamsha.

Usilie. Machozi yako yako karibu, umeyarithi kwa mama yako, dada yangu yule aliyekuwa akililia hata kuku wa jirani. Uvimbe umewahiwa, wanasema.

Nina ombi moja. Nataka unilaze wewe, si mwingine. Na nikishalala, unitundikie chupa mbili za maji ya wanga kabla Wembe, daktari wenu wa upasuaji, hajashika kisu. Unajua ni mimi niliyeyaingiza maji yale hospitalini. Kabla yangu tulikuwa tunammiminia mgonjwa maji ya chumvi, nayo yanavuja kutoka mishipani kama yametiwa kwenye kikapu. Uso unavimba na presha haipandi. Maji ya wanga ni mazito, yanakaa ndani ya mshipa na kushika nafasi ya damu iliyomwagika. Siku ile lori lilipogonga basi tulipokea majeruhi kumi na tisa, na benki ya damu ilikuwa na mifuko minne tu. Nilitundika chupa mpaka misumari ikaisha ukutani. Kumi na saba wakatoka chumba cha upasuaji wakiwa hai, ndipo nikaitwa Bwana Chupa. Itakuwa aibu gani nipasuliwe bila dawa yangu mwenyewe?

Usinipigie simu. Masikio yangu yalistaafu mwezi mmoja baada yangu, na kila anayepiga nasikia anakohoa. Niandikie. Mkaza mjomba wako anakusalimu na kuuliza kama unakula.

Mjomba wako,
Bwana Chupa


10 Februari

Shikamoo mjomba,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Ndiyo, nililia, lakini kidogo. Nimeshazungumza na Wembe na amekubali: tarehe ishirini nitakulaza mimi, na sitatoka pembeni mwa kichwa chako mpaka ufumbue macho. Mambo ya chupa tutayazungumza.

Na mimi nina ombi. Yale madaftari yako ya kazi, unayo bado? Kuna jambo naandika kuhusu maji ya wanga hapa kwetu, nami nimekwama. Unaijua fomu yetu: ina mstari mmoja tu ulioandikwa "Maji". Ukijaza chupa nne, anayekuja kusoma kesho hajui kama zilikuwa za chumvi au za wanga, au mbili kwa mbili. Wewe peke yako, hospitali nzima, uliandika kila chupa kwa jina lake. Ukinipa kwa wiki mbili tu nitashukuru, na nitayatunza kama mboni ya jicho.

Mwambie mkaza mjomba kwamba nakula.

Mpwa wako


17 Februari

Mpwa wangu,

Madaftari hayo tisa anakuletea dereva wa gari la wagonjwa. Nimeyafunga kwa kamba ya katani, na fundo nimelifunga mimi, kwa hiyo tumia mkasi.

Huna haja ya kunizungukazunguka. Hospitali inatimiza miaka hamsini mwezi wa Juni, nimesikia kitabu kinaandikwa, na wewe unaniambia "kuna jambo naandika". Mimi ni kiziwi, si mjinga. Picha yangu ya kuweka iwe ile ya suti ya kijivu. Ile nyingine niliyovaa kofia ya upasuaji inanifanya nionekane mwokaji mikate.

Utakuta nimeandika kwa kalamu na kwa penseli. Kalamu ni kazi: jina la upasuaji, damu iliyomwagika, chupa, presha, mkojo. Penseli ni hasira zangu, hasa juu ya mtunza bohari, aliyekuwa akituacha miezi mitatu mizima bila maji ya wanga kwa sababu amesahau kuagiza. Hizo zifute kabla hujachapisha. Marehemu hasemwi.

Hujanijibu kuhusu chupa zangu mbili. Naichukulia kuwa ndiyo.

Mjomba wako,
Bwana Chupa


1 Machi

Shikamoo mjomba,

Naandika barua hii mara ya nne. Tatu za kwanza nilizichana kwa sababu zilikuwa za mwoga.

Sikuandika chochote cha kitabu cha Juni. Uliposema hivyo ningeweza kukusahihisha siku ile ile, nikanyamaza, kwa sababu niliogopa utayazuia madaftari. Hilo ni kosa langu nalikiri mbele yako, bila kisingizio.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa Novemba nilimlaza mwalimu mmoja wa kike, miaka arobaini na mmoja, kwa upasuaji wa uvimbe wa kizazi. Alikuwa mzima. Alinitania kwamba wanafunzi wake wangefurahi kumwona akilazimishwa kunyamaza. Nilimtundikia chupa mbili za maji ya wanga kama ulivyonifundisha. Mkojo kwenye mfuko ukapungua. Nikasema mwili una kiu, nikaongeza ya tatu, kama ulivyonifundisha. Mkojo ukakatika kabisa. Leo anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na kila nikipita anaacha kusoma ananipungia mkono. Hajui kitu. Mimi ndiye niliyetundika.

Wembe aliniambia ni bahati mbaya. Nikataka kujua bahati mbaya ngapi. Kwenye madaftari yako kuna upasuaji mkubwa mia mbili na kumi na nne ninaoweza kuufuatilia, na kila jina nimelitafuta kwenye rejesta ya wagonjwa wa figo. Waliopewa maji ya wanga ni tisini na sita. Figo zilishindwa kwa kumi na mmoja. Waliopewa maji ya chumvi, na damu ilipohitajika, ni mia moja na kumi na wanane. Figo zilishindwa kwa watatu. Nimehesabu mara tano, mjomba. Nilikuwa natamani nikosee.

Nimeuliza na madaktari wa figo wa hospitali kubwa, wakaniambia mashaka haya hayakuanza kwangu, kuna kwingine yalishaanza kujadiliwa. Kamati ya dawa inakutana tarehe 12. Wembe ameshasema hatayaondoa maji yaliyookoa abiria kumi na saba kwa ajili ya hesabu za vidole.

Na wewe una miaka sabini na moja, sukari yako inapanda na kushuka, na unataka nikutundikie mbili. Sitaweza. Nikasirikie, lakini uwe hai unapokasirika.

Mpwa wako


5 Machi

Kwa Mtaalamu wa Usingizi, Chumba cha Upasuaji

Nimepokea barua yako. Nilikuwa nimeshapeleka suti kwa fundi aipunguze kiuno, kwa ajili ya picha.

Hesabu yako ina kasoro ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiona. Maji ya wanga tuliwapa wagonjwa waliokuwa hoi, waliopoteza damu nyingi. Hao figo zao zingeumia hata ungewapa maji ya baraka. Umechukua mahututi ukawapanga na wenye kikohozi, kisha ukashangaa nani amekufa.

Naomba madaftari yangu yarudi kwa dereva yule yule. Tarehe 20 nitalazwa na mtu mwingine, na chupa zangu mbili zitatundikwa. Nimeshamwandikia Wembe.

Mtaalamu wa Usingizi (Mstaafu)


9 Machi

Mwanangu,

Mjomba wako amesema nisikuandikie. Ndiyo maana nakuandikia.

Tangu madaftari yarudi nyumba hii haina amani. Siku ya kwanza aliyaweka juu ya kabati akayapa mgongo. Siku ya pili akayashusha, "nione tu kama hakuyachafua". Tangu hapo meza ya kulia chakula si yetu tena. Amechukua maharage yangu ya kupika: mekundu ndio waliopewa maji ya wanga, meupe ndio hawakupewa. Ameyapanga mistari mezani na mimi nakula nimeweka sahani mapajani. Nilipochukua mawili matatu nipime kama yameharibika alinikaripia, akasema nimekamata mtu wa ngiri na mama wa mapacha.

Alikuwa anatafuta kukushinda, nakwambia kweli. Kila aliyepewa wanga anasoma damu aliyopoteza, na kila asiyepewa vilevile, aonyeshe kwamba wasiopewa walikuwa wazima na waliopewa walikuwa hoi. Unajua anavyosoma kwa sauti siku hizi, jirani anajua idadi ya ngiri zote za mji huu. Jana alasiri akanyamaza. Nikamwona anafuata ile mistari ya penseli kwa kidole, ukurasa hadi ukurasa, kisha akapiga meza mpaka wagonjwa wote wakaanguka chini. Akasema, "Bohari." Nikamuuliza bohari imefanya nini. Akasema tena, "Bohari ndiyo iliyochagua," akatoka nje akakaa kwenye ngazi na hakuniruhusu nimshike hata bega.

Mimi sielewi, nilikuwa mshona nguo. Ila nimeishi naye miaka arobaini na mtu huyu nimemwona analia mara mbili, na jana ilikuwa ya pili.

Leo asubuhi amenituma nipige pasi ile suti. Sijui anakwenda wapi na hataki kusema. Sala zako uziweke karibu.

Mkaza mjomba wako


12 Machi

Shikamoo mama, mkaza mjomba wangu,

Nimekaa ngazini nyuma ya chumba cha upasuaji, bado nimevaa viatu vya mpira, na naandika haraka kabla hajafika nyumbani akakusimulia vingine.

Kamati ilianza saa nne. Nilisoma hesabu zangu. Wembe akasimama, akasema kile kile: mahututi wamelinganishwa na wazima, na kwamba ana barua kutoka kwa Bwana Chupa mwenyewe inayosema hivyo hivyo. Nikaona Mganga Mkuu anafunga kalamu yake. Nikajua imekwisha.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mjomba. Suti ya kijivu, madaftari kwapani. Hakuna aliyemwalika. Wembe akafurahi kweli, akamvutia kiti, akamwambia karibu mzee, tuambie. Mjomba hakukaa. Akafungua daftari la nne akaanza kusoma kwa ile sauti yake, mpaka wafagiaji wakasimama kwenye veranda kusikiliza.

"Penseli," akasema. "Bohari tupu tena. Leo hakuna dawa yetu, Mungu atusaidie. Kalamu. Wengu limepasuka, damu lita mbili. Maji ya chumvi, damu mifuko mitatu. Mkojo mzuri." Akafungua ukurasa mwingine. "Penseli. Mtunza bohari ni adui wa wagonjwa. Kalamu. Mimba nje ya kizazi, presha haisomeki. Maji ya chumvi, damu mifuko miwili. Mkojo mzuri." Akasoma saba, mama. Saba, na kila mmoja alikuwa hoi kuliko mwalimu wangu.

Kisha akasema: "Nilimwandikia mpwa wangu kwamba maji ya wanga walipewa mahututi. Nilimdanganya, na kabla yake nilijidanganya mimi. Kila bohari ilipokuwa nayo, nilimpa kila mtu, awe hoi awe mzima, maana nilikuwa nayapenda. Ilipokuwa haina, sikumpa mtu. Si mimi niliyechagua nani apewe, wala si ugonjwa. Ni bohari iliyochagua. Na miezi niliyolalamika kwa penseli ndiyo miezi wagonjwa wangu walikuwa wakikojoa."

Wembe akamwinamia sikioni akamuuliza kwa upole, kwa sababu anampenda: "Na wale kumi na saba wa basi, mzee?"

"Nimewatafuta," mjomba akasema. "Juzi nilikwenda mpaka rejesta ya figo mimi mwenyewe. Walitoka kumi na saba. Watatu walirudi figo zimeshindwa kabla ya mwezi kwisha, na mmoja akafa. Mimi nilikuwa nimeshapigiwa makofi, sikwenda wodini kuwauliza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilisifiwa mno. Mkojo ukipungua nilikuwa naongeza kile kile kinachoupunguza, kisha nikawafundisha vijana kuongeza. Huyu binti aliongeza ya tatu kwa sababu yangu. Chupa ile iandikwe kwangu, si kwake."

Hapo ndipo nililia, na safari hii si kidogo.

Mganga Mkuu akasema hesabu ya hospitali moja haitoshi kuuambia ulimwengu, lakini inatosha kutuambia sisi. Kuanzia leo hakuna maji ya wanga chumba cha upasuaji. Chupa zote zimeshushwa rafuni na kufungiwa, taarifa inakwenda wizarani, na ule mstari mmoja wa "Maji" kwenye fomu umekatwa, kila maji yataandikwa kwa jina lake. Wembe alikuwa wa mwisho kunyoosha mkono, lakini aliunyoosha, na aliunyoosha juu.

Alipokuwa anatoka alinipita bila kunitazama. Kisha akarudi hatua mbili akasema, "Tarehe ishirini uje umekula. Sitaki mtu mwenye njaa kichwani kwangu."

Mlishe vizuri jioni hii. Anajifanya simba, ila amechoka.

Mwanao


18 Machi

Shikamoo mjomba,

Unalazwa wodini kesho, kwa hiyo nakuandikia leo ili usome ukiwa bado na miwani yako. Nimemweleza mwalimu ukweli wote. Alifunga kitabu alichokuwa anasoma. Kisha akauliza kama kuna mwingine atakayetundikiwa yale maji. Nikamwambia hakuna. Akasema nimpelekee karatasi ya kamati aisome mwenyewe, akaisoma kama anasahihisha mtihani, akanirudishia. Sijui kama amenisamehe, na sikumwomba.

Mpango wako ni huu. Maji ya chumvi, kidogo kidogo, kwa kupima. Damu mifuko minne iko tayari. Miwili imetoka kwa binamu zangu, ambao wanasema sasa una deni la heshima kwao. Mfuko wa mkojo nitausoma kila robo saa, na ukipungua nitatafuta sababu kwanza, sitakimbilia chupa.

Naogopa, mjomba. Wengine wote nimewalaza bila kuwajua. Wewe ukishuka presha mimi nitakuwa nasikia ukinifundisha baiskeli. Wembe ameniambia nikitaka kuachia mtu mwingine hakuna atakayenicheka. Nimekataa.

Mpwa wako


23 Machi

Wodi ya wanaume, kitanda namba 6

Mpwa wangu,

Naandika nimelala chali na karatasi tumboni, pembeni ya mshono, kwa hiyo usiucheke mwandiko. Umekwenda nyumbani kulala baada ya siku tatu za kunichunga, na ni mimi niliyemwambia muuguzi akufukuze.

Wameniambia yote. Kwamba mshipa ulipasuka uvimbe ukitolewa, na damu ikamwagika zaidi ya lita moja. Kwamba presha yangu ilishuka mpaka Wembe akainua kichwa, akasema kwa mazoea "tundikeni wanga", na wewe ukamjibu, "Hakuna, daktari. Bana mshipa, mimi nina damu." Kwamba akabana, nawe ukanirudishia damu mfuko kwa mfuko mpaka presha ikapanda. Muuguzi aliyekuwepo anasimulia wodi nzima, na kila akisimulia unarefuka inchi moja.

Uliniacha niote picha ya suti, na iliniuma. Lakini ungeniambia mapema nisingetuma madaftari, na leo chupa mbili zingekuwa ndani ya mishipa yangu. Kwa hiyo ulifanya vizuri, na usirudie.

Nikipata nguvu nitaanza na wale kumi na mmoja na watatu wa basi, walio hai na familia za wasio hai. Nitakwenda nyumba kwa nyumba. Mkaza mjomba wako atanisindikiza, kusikia majibu nisiyoyasikia. Mwalimu ameshakuja hapa kitandani kwa miguu yake, ametoka kwenye mashine. Tumezungumza saa nzima. Aliyoniambia yote nilistahili, na mwisho akanisogezea mto.

Sasa habari kubwa. Jana asubuhi muuguzi alikuja kupima mfuko wangu. Mililita elfu moja na mia tano kwa siku moja, safi, rangi ya chai ya mgeni asiyependa majani. Nilimwomba apime tena. Nimepokea vyeti viwili na saa ya ukutani katika kazi hii, na hakuna nilichowahi kukifurahia kama mkojo ule. Mgonjwa wa kitanda cha saba, aliyepasuliwa siku moja nami, naye wake umejaa, na wa kitanda cha nane pia. Nimelala hapa nawahesabu, bila maharage.

Wembe alipita na wanafunzi wake. Akausoma mfuko, akasoma fomu mpya yenye mistari yake yote. Kisha akawauliza wanafunzi kama wanamjua mzee huyu. Mmoja akasema, "Ni Bwana Chupa, aliyewafundisha watu wa usingizi wote wa hapa." Wembe akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya kunisaidia masikio, "Mzee, na mpwa wako kila kitu ulimfundisha wewe?"

Nikamwambia, "Kila kitu, daktari. Kasoro kilichoniponya."

Mjomba wako